Maua Hayaliwi

Nikijitambulisha hapa chuoni kuwa natoka Sumbawanga, najua kabisa kinachofuata. Wa kwanza ataguna. Wa pili atauliza kama nilikuja kwa basi au kwa ungo. Wa tatu ataomba tusikosane, asije akapigwa na radi mchana kweupe. Nimeshazoea, na siku nyingine nawaacha waogope, maana inasaidia kupata nafasi kwenye foleni ya chakula. Watu wa kwetu wanalieleza jina lenyewe kwa Kifipa kuwa ni "tupa uchawi", yaani ukifika hapa mizigo yako ya ajabu iache nje. Lakini nani ana muda wa kusikiliza asili ya maneno akiwa na sahani mkononi?

Ninachoshangaa ni kwamba katika miaka hii yote hakuna hata mmoja aliyeniuliza kuhusu maua. Ukipita uwanda wa Ufipa mwezi wa Januari au Februari, mvua ikiwa imekolea, utaona majani mafupi yamechanganyika na rangi ambazo hapa Morogoro tunaziona kwenye mashada ya plastiki tu. Kuna gladiola za rangi ya chungwa na njano zinazoinamisha vichwa kama watoto waliokemewa. Kuna yale maua marefu yenye kichwa kama mwenge unaowaka, ambayo vitabu vyetu vinayaita nifofia. Kuna protea zenye vichwa vikubwa kwenye miteremko ya mawe, na kuna okidi za ardhini, nyeupe, waridi na za manjano, zinazosimama kwenye maeneo ya majimaji. Tuko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya Juni na Julai si ya mchezo, mvua inaanza Novemba na kuondoka Aprili, halafu miezi sita hakuna kitu. Nataka uishike hiyo miezi sita, kwa sababu ndiyo inayoamua ua gani lipandwe kwetu na lipi lisipandwe.

Nyumbani ni Malangali, ndani ya Manispaa ya Sumbawanga. Mama yangu ana kitalu cha maua mbele ya nyumba. Usifikirie kitu kikubwa. Ni kichanja cha miti kilichoezekwa majani, viriba kama mia tatu hivi, makopo ya rangi yaliyotobolewa chini, ndoo zilizopasuka, na bango la bati lililoandikwa kwa brashi "MAUA NA MITI YA MATUNDA". Miche ya kawaida shilingi 1,000, mawaridi 3,000, ukibembeleza sana 2,500. Wateja ni walimu, watu wanaomalizia kujenga, makanisa, na kila Novemba wanaotaka kitu cha kupanda makaburini.

Baba ni mkulima wa mahindi na maharage, mtu wa plau na ng'ombe. Kwa miaka mingi msimamo wake kuhusu kile kitalu ulikuwa sentensi moja: "Maua hayaliwi." Akiona mama anamwagilia jioni atasema hivyo, akijikwaa kwenye kiriba usiku atasema hivyo kwa sauti kubwa zaidi. Na kwa kweli ana hoja. Rukwa ni mkoa unaolisha wengine. Shamba kwetu ni heshima, na mtu mwenye ardhi anayepanda kitu kisichoingia kwenye sufuria anaonekana ana matatizo.

Kisha ukaja mwaka 2017. Mimi ndiyo nilikuwa naingia kidato cha kwanza. Mavuno yalikuwa mazuri, serikali ikazuia kuuza mahindi ghafi nje ya nchi, na bei ikaanguka kiasi kwamba magunia yalibaki ndani yanatutazama. Nakumbuka tulikuwa tunalala chumba kimoja na mahindi. Sare yangu, godoro la hosteli, ndoo, daftari na michango vyote vilitoka kwenye makopo ya mama. Baba hakusema chochote. Ila kuanzia mwaka ule, akijikwaa kwenye kiriba, anakinyanyua na kukirudisha kwenye mstari.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, maana najua wengi wenu mmeanza kupanga vyumba nje ya chuo na mnatamani kopo moja dirishani, na wengine mkirudi likizo mnataka kupendezesha kwenu. Watu wengi huchagua ua kwa picha. Wanaona simu, wanapenda, wanakuja kwa mama: "Mama, nataka hili." Mama haulizi rangi kwanza. Anauliza maswali matatu na ninayaona bora kuliko mihadhara kadhaa niliyokaa: Maji unachota wapi? Una uzio? Nani yupo nyumbani mchana?

Swali la maji linaeleweka. Miezi sita ya kiangazi ni mirefu kwa mtu anayenunua maji kwa ndoo. Haidrenjia, kwa mfano, inapenda baridi yetu na inatoa vichwa vikubwa vya kupendeza, lakini ukiinyima maji siku mbili inalegea kama mtu aliyepata sapu tatu. Bogenivilia ni kinyume chake. Ikishashika mizizi, ukiimwagilia sana itakupa majani tu, ukiibania maji kidogo na kuibana kwenye chombo kidogo ndipo inaripuka rangi. Na ile rangi si ua lenyewe, ni majani yaliyogeuka, ua ni kile kidude cheupe kidogo katikati. Jeraniumu nayo ni rafiki wa maskini. Kata pingili, iache kivulini siku moja jeraha likauke, ndipo uichomeke kwenye udongo. Ukiipanda bado mbichi inaoza. Kuna pia yale madogo ya kutambaa tunayoyaita maua ya saa nne kwa sababu hayafunguki mpaka jua liwe limepanda. Hayo hata ukienda likizo ukayasahau, utayakuta.

Swali la uzio linahusu mbuzi. Kwetu mahindi yakishavunwa mifugo inaachiwa, na mbuzi wa Malangali hana mipaka ya kata. Anapenda waridi kuliko mpenzi wako anavyolipenda. Mteja asiye na uzio mama hamuuzii waridi, atamwambia apande michongoma kwanza arudi mwakani. Nimeona wateja wakikasirika. "Kwani hela yangu siyo hela?" Mama anajibu taratibu, "Ni hela baba, lakini utakula hasara halafu utasema waridi langu bovu."

Swali la tatu, nani yupo nyumbani mchana, mwanzoni nilidhani ni la umbea. Linahusu watoto. Oleanda ni ua zuri sana, halisumbuliwi na mbuzi wala kiangazi, na ndiyo sababu linapandwa kila mahali mpaka kwenye vituo vya mafuta. Lakini jani lake lina sumu inayovuruga mapigo ya moyo. Yale maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta, yanayonukia vizuri usiku, yana sumu ya kumtoa mtu akili. Gloriosa, ule mtambaa wenye maua mekundu na njano kama moto, mizizi yake inaua. Kwa hiyo nyumba yenye mtoto wa miaka miwili anayeachwa na dada wa kazi wa miaka kumi na minne, mama anawatolea dalia na mawaridi, hivyo vingine anasema vimeisha. Vipo nyuma ya nyumba. Sijui kama hiyo ni biashara, lakini ndivyo anavyofanya.

Na kuna mmea mmoja ambao haupandi kabisa, hata ukimlipa: lantana. Mnaijua, ile yenye vimaua vidogo vya rangi mbili tatu kwenye kichwa kimoja. Ilitoka Amerika ya Kitropiki kama pambo la bustani, ndege wakala matunda yake, sasa imeteka malisho ya nusu ya Afrika na inaumiza ng'ombe wakiila. Hapa chuoni kwetu imepandwa kama uzio karibu na mabweni na inakatwa vizuri kabisa kila mwezi. Nawapa pole ng'ombe wa jirani.

Kuhusu udongo, mama hanunui mbolea ya dukani. Wafipa tuna kilimo cha ntumba: mwisho wa mvua unakata nyasi na tabaka la juu la udongo, unaligeuza, nyasi zinabaki ndani ya tuta la mviringo na kuoza humo, juu yake unapanda maharage, na mvua zinazofuata unalibomoa na kulisambaza shambani. Wataalamu wa udongo wamekuja kulisoma hilo tuta na kuliandikia, na mimi nimefundishwa mambo ya mboji hapa darasani kana kwamba ni habari mpya. Mama ana ntumba ndogo sita nyuma ya nyumba kwa ajili ya kitalu. Akibomoa moja anachanganya na mchanga wa mtoni na samadi ya zamani, anachekecha, anajaza viriba. Harufu yake ndiyo harufu ya Novemba kwangu.

Lazima niwasimulie haidrenjia ya jirani, maana ndiyo hadithi pekee ya "uchawi wa Sumbawanga" ninayoweza kuithibitisha kisayansi. Mwalimu mmoja alinunua mche wenye maua ya bluu. Akaupanda karibu na mlango wa jiko. Mwaka uliofuata ukatoa maua ya waridi. Mtaa mzima ukanong'ona. Wengine wakasema amebadilishiwa, wengine wakasema mengine. Kumbe dada wa pale alikuwa anamwaga majivu ya mkaa kwenye shina kila asubuhi. Udongo wenye uchachu unaruhusu mmea kunyonya alumini na ua linakuwa bluu, majivu yanapunguza uchachu na ua linageuka waridi. Nilimweleza mwalimu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa mwanangu, lakini hebu waambie na majirani." Mama yeye alichukua somo la kibiashara: siku hizi anauza za aina zote mbili kutoka kwa mama mmoja yule yule wa mmea, kopo moja lina majivu, jingine halina.

Sasa jambo lililonifanya niandike.

Mmeshawahi kufikiria kwamba kwenye vitalu vyetu karibu kila kitu kimetoka mbali? Bogenivilia ni ya Brazili, dalia na mkrismasi wa majani mekundu ni vya Meksiko, jakaranda ni ya Amerika ya Kusini, haidrenjia ya Japani. Sina ugomvi navyo, vimenisomesha. Lakini upande wa pili wa hesabu unauma kidogo. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona kimea kidogo chenye maua ya zambarau kwenye milima ya Usambara, akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata kikapewa jina la Kilatini lenye jina la ukoo wake, na leo ni mojawapo ya maua ya ndani yanayouzwa zaidi Ulaya na Marekani. Mwaka 1882 huko Uingereza ua jingine la pwani yetu, lile laini linalopenda kivuli na linalorusha mbegu ukiligusa, lilipewa jina la kumheshimu Sultani wa Zanzibar. Dunia nzima inalipanda kwenye vikapu vya kuning'iniza. Na zile gladiola za rangi zote zinazopelekwa makanisani? Mmojawapo wa wazazi wake wakuu ni gladiola ya porini ya Afrika, ile ile inayoinama kwenye majani ya Ufipa. Wabelgiji ndio walioizalisha na jamaa zake katika miaka ya 1830 na 1840. Sisi tunanunua wajukuu wake kwenye paketi.

Okidi zina hadithi mbaya zaidi. Kwetu hazichimbwi kwa ajili ya bustani, zinachimbwa kwa ajili ya mboga. Ng'ambo ya mpaka, Zambia, kuna chakula kinaitwa chikanda: viazi vya okidi vinakaushwa, vinatwangwa, vinapikwa na karanga, pilipili na magadi mpaka vinaganda, unakata vipande kama soseji. Nimekila. Ni kitamu, sitawadanganya. Zambia walipoanza kuishiwa viazi vyao, wachuuzi wakageukia nyanda zetu za juu kusini: Makete, Njombe, Mbeya, na Ufipa pia. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba ni mamilioni ya viazi kwa mwaka vinavyovuka mpaka. Kuanzishwa kwa Hifadhi ya Kitulo mwaka 2005, ile inayoitwa Bustani ya Mungu, kulitokana kwa sehemu kubwa na wasiwasi huo. Okidi zote zimo kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES, kuzivusha mpaka bila kibali ni kosa. Lakini vijana wanaouza kwa debe hawana habari na CITES, wana habari na bei ya daftari. Nawafahamu baadhi, tumesoma nao.

Machi 2024, likizo fupi, nikiwa mwaka wa kwanza, alikuja nyumbani mtu mmoja anajenga nyumba ya wageni pale mjini. Gari zuri, maneno mazuri. Alikuwa amepita vilima vya upande wa Mbizi akaona okidi zimechanua, na mbunifu wake amemwambia wageni wa siku hizi wanataka "vitu vya asili". Akataka mimea 150, kila mmoja shilingi 5,000. Piga hesabu mwenyewe: 750,000. Ada yangu iliyokuwa imebaki, ile ambayo mkopo haukuifikia, ilikuwa 640,000, na bila kuimaliza mtihani wa Julai ningeusikia kwa wenzangu.

Mama hakujibu pale pale. Alimwambia arudi kesho kutwa. Jioni, tukiwa tumekaa jikoni kwa sababu ya baridi, akaniambia, "Haya, wewe ndiye msomi. Hilo ua ukilihamisha linaishi?"

Nilijua jibu, na nilitamani nisingelijua. Okidi ya ardhini ina viazi viwili, cha mwaka jana kinachosinyaa na kipya cha mwaka ujao. Ukichimba ukakijeruhi kile kipya, umemaliza. Hata ukitoa kwa uangalifu na donge la udongo, mizizi yake inaishi kwa kushirikiana na kuvu waliomo kwenye udongo ule. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, haina akiba yoyote ya chakula ndani, haiwezi hata kuota bila kuvu hao. Ukiipeleka kwenye bustani ya mjini yenye kokoto na samadi ya kuku, itakula akiba yake, labda itatoa ua moja la kuaga. Kuna maabara duniani zinazoweza kuzalisha okidi kwenye chupa, lakini hapo Malangali tuna kopo la rangi na kekecheke. Nilimweleza hivyo, kwa Kiswahili cha kawaida, bila neno hata moja la darasani.

Baba alikuwa anasikiliza. Akasema, "Yeye ametaka, atalipa, likifa ni lake. Mtoto afanye mtihani."

Na mimi, kusema ukweli, nilikuwa upande wa baba. Ada ilikuwa yangu. Nilisema kwamba mimea 150 kutoka mlima mzima ni kidogo kulinganisha na madebe yanayochimbwa, na hesabu hiyo ni sahihi mpaka leo. Mama akanyamaza muda mrefu, anachochea moto. Kisha akasema kitu ambacho hakina uhusiano wowote na uhifadhi wala CITES: "Miaka yote hii watu wanarudi hapa kwa sababu nilichowauzia kimeota. Nikimuuzia mtu kitu ninachojua kinakwenda kufa, basi na mimi nauza mahindi yenye bungua."

Baba akatoka nje.

Kesho kutwa yule bwana alipokuja, mama alimwonyesha gladiola za Ufipa. Alikuwa nazo nyingi nyuma ya nyumba. Hakuzichimba porini, miaka mingi iliyopita alianza na chache alizoziokoa kwenye shamba lililokuwa linalimwa, na kila mwaka kiazi kimoja kinazaa vitoto pembeni, anavitenganisha, anavipanda upya. Alimwambia: bwana, hili nalo ni la asili, mvua ikija linaamka lenyewe, mvua ikiondoka linalala chini, huna haja ya kumwagilia miezi sita. Nifofia pia alikuwa nazo. Nilidhani tumemaliza kazi. Yule bwana akazitazama, akasema, "Mama, haya si maua ya porini haya? Yako kila barabara." Sikujua nicheke au nilie. Mwishowe alichukua gladiola 40 kwa 1,500 kila moja, nafikiri kwa huruma. Shilingi 60,000. Okidi akazipata kwa wengine, nimeambiwa kwa bei ya chini zaidi, na zilichimbwa kwa jembe.

Ada ilipatikana. Baba aliuza ndama jike ambaye alikuwa amepangiwa kuwa wa maziwa. Hakuuza kwa hasira, wala hakulitaja tena lile neno lake la maua hayaliwi, na hilo ndilo lililonisumbua zaidi. Nilifanya mtihani Julai. Nikapata B kwenye somo la uzalishaji wa miche, kama mnataka kujua.

Machi mwaka huu nilipita pale kwenye nyumba ya wageni. Imependeza, kwa kweli, rangi nzuri, vigae. Mahali palipopandwa okidi pana kana nyekundu, zimejaa, zinafurahi. Nilimuuliza mlinzi kuhusu yale maua mengine, akasema yalichanua kidogo wiki za mwanzo halafu mwaka uliofuata hayakutoka, fundi wa bustani akalima. Gladiola zetu ziko kwenye kona karibu na tangi la maji. Nilihesabu vikonyo 50 na zaidi, maana yake zimeshaanza kuzaa. Hakuna aliyezimwagilia, alisema mlinzi, hakujua hata kama zilipandwa, alidhani zimejiotea.

Sitaki mtu aelewe kwamba mama yangu ameishinda biashara ya chikanda. Hajaishinda. Mwaka huu nimeona magunia kwenye basi la kwenda mpakani, na mmoja wa waliokaa juu yake ni kijana niliyekuwa naye dawati moja darasa la sita. Tulisalimiana vizuri. Ana watoto wawili. Nilitaka kumwambia habari za kuvu na viazi viwili, nikaona si mahali pake. Akaniuliza chuo kinaendaje. Nikamwambia kinaenda.

Ninachofanya sasa ni kidogo na ni cha polepole sana. Gladiola yetu mbegu zake zina utando kama bawa jembamba, zinapeperuka ukipuliza. Badala ya kungoja vitoto vya kiazi tu, nimeanza kukusanya mbegu kwenye kingo za barabara ukauko unapoanza, ganda likiwa limegeuka kahawia ila halijapasuka, bila kung'oa mmea wowote. Za nifofia pia. Unazipanda juu juu, zifunike kwa mchanga usiozidi unene wa ukucha, weka kivuli chepesi, mwagilia kwa keni yenye matundu madogo zisihame. Zikiota zinaonekana kama nyasi tu, na watu wengi huzing'oa hapo wakidhani ni magugu, kwa hiyo weka kibao. Msimu wa kwanza hazitoi ua. Wa pili pengine. Wa tatu ndiyo zinachanua vizuri.

Trei ya kwanza tuliipanda mwezi huu wa Novemba, mimi nikielekeza kwa simu na mama akinikatiza kwamba anajua. Jana alinitumia picha. Ukikuza unaona vijani vyembamba kama sindano, nimehesabu mpaka 63, halafu picha ikawa ukungu. Pembeni kuna kibao kimechomekwa, kimeandikwa kwa mkaa kwa mwandiko ninaoufahamu, na siyo wa mama: "USING'OE."